Mbwa Mwembamba wa Jamhuri ya Kibwebwe

Jamhuri ya Kibwebwe iko mahali fulani, na ramani yake ninayo, ila imemwagikiwa chai pale pale penye mipaka. Kwa hiyo msomaji asije akasema nimemsema jirani yake. Nchi ilipata jina hilo siku ya kwanza ya serikali yake, Mtukufu Baba Mlezi aliposimama jukwaani akawaambia wananchi wajifunge kibwebwe. Wakajifunga. Tangu siku hiyo hajatokea mtu wa kuwaambia wafungue.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi mama mmoja, Mashavu Kibindo, mchora katuni wa gazeti la Mbiu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimu ataitikia, ukimuuliza habari atasema njema, basi. Mazungumzo yake yote aliyaweka kwenye ncha ya kalamu, na hapo alikuwa hanyamazishiki.

Kazi yake ilikuwa na ugumu mmoja. Serikali ilipitisha Sheria ya Kulinda Nyuso, iliyokataza uso wa kiongozi yeyote kuchorwa, kwa sababu nyuso za viongozi ni rasilimali ya taifa na zikichorwa ovyo zitachakaa. Wachoraji wakakimbilia wanyama. Serikali nayo ikaunda Kamati ya Wanyama, ikakaa katika hoteli ya ufukweni mpaka mvua za masika zikaisha, ikatoa uamuzi. Simba ni wa Mtukufu, asiguswe. Tai ni wa jeshi. Tembo akakabidhiwa Spika, kwa heshima ya masikio. Kondoo akazuiwa kabisa, maana wananchi wangeweza kudhani ni wao. Nyani akazuiwa kwa sababu ambazo kamati iliomba isiulizwe.

Akabaki mbwa. Nusu ya mji humwona najisi, nusu nyingine humfunga mlangoni abweke, na pande zote mbili hakuna anayemwamkia. Mwenyekiti wa kamati akatia muhuri: "Mbwa aruhusiwe, kwa kuwa hakuna kiongozi yeyote wa Kibwebwe anayefanana naye."

Mashavu aliposoma tangazo hilo alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akachonga penseli.

*

Alichora mbwa kwa kila namna: mbwa akikata utepe wa kisima kisicho na maji, mbwa akihutubia mifupa, mbwa akipokea nishani kwa kutobweka mwizi alipopita. Watu wakazoea kununua gazeti kwa ajili ya mbwa tu. Habari nyingine walifungia samaki.

Ndipo ukaja mwaka wa njaa, mahindi yakaadimika sokoni. Redio ikasema yamejaa ghalani. Watu wakawa wanakula redio. Wiki hiyo Mashavu akachora picha ambayo ndiyo asili ya kisa hiki.

Palikuwa na chungu kikubwa katikati ya chumba. Mbwa wanene wamekizunguka, vichwa vyote vimezama ndani, mikia yote imesimama juu kama bendera. Mmoja amefunga leso shingoni asijichafue. Lakini pembeni, mlangoni, alisimama mbwa mwembamba ambaye mbavu zake zilionekana moja moja. Huyo alikuwa amewapa wenzake mgongo, anabweka kuelekea nje, kama anayewaita wenye chungu chao waje waone. Chini ya picha hapakuwa na neno hata moja.

Mji ulimpenda mbwa yule upesi kuliko ulivyowahi kumpenda diwani. Madereva walimchora nyuma ya malori. Wanawake wakatafuta kanga yenye mbwa, na kwa mji ambao nusu yake haikai na mbwa chumba kimoja, hilo lilikuwa jambo kubwa. Bibi Sikudhani, muuza vitumbua wa pale uchochoroni kwa Mashavu, aliikata picha akaibandika juu ya jiko lake.

"Huyu," aliwaambia wateja, "angekuwa mtu ningempa kura yangu na ya marehemu mume wangu."

"Ya marehemu si ilishapigwa mwaka ule, bibi?"

"Ilipigwa bila kuniuliza. Safari hii ningeridhia."

*

Mgeni wa kwanza alikuwa Waziri wa Chakula, Mheshimiwa Makanyaga. Gari lake halikuenea uchochoroni, akaja kwa miguu, mahali pengine akipita ubavu. Mashavu akamkaribisha kigoda. Mheshimiwa akakikalia, na kigoda kikalia kweli.

"Dada Mashavu, nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi, Mheshimiwa?"

"Kwa kunichora."

Mashavu alimkumbuka mbwa wa leso. "Kwani... wewe ni yupi?"

"Unaniuliza? Yule mwembamba!"

Mashavu akamtazama kutoka kidevuni kwenda chini mpaka macho yakachoka njiani.

"Mbavu zile ndizo zilizonitambulisha," alisema Makanyaga, akajipapasa ubavuni kuzitafuta. Alipapasa kushoto, akapapasa kulia, akakata tamaa. "Zipo. Ila zangu ziko kwa ndani. Sasa ombi langu ni dogo tu: uandike jina langu pale chini."

"Sheria ya Kulinda Nyuso inakataza, Mheshimiwa."

"Basi mchore upya umtie kitambi kidogo, watu wanijue."

Makanyaga hajafika mbali, akaingia Waziri wa Barabara, Bi Rukia Matumbi, akinukia udi kama chumba cha harusi. Alifunga mlango, akafunga na dirisha.

"Mwenzangu, mbwa yule ni jike," alisema. "Tazama macho yake, kisha nitazame mimi. Sitaki kumsema mtu, mimi si msemaji. Ila wa leso ni Makanyaga, na mahindi ya akiba yako nyuma ya nyumba yake, yamefunikwa turubai la bluu. Mimi hata sijui."

Wiki nzima ikawa hivyo. Hapakuwa na waziri ambaye hakuwa mbwa mwembamba, na hapakuwa na mbwa mwembamba ambaye hakuacha siri za wenzake. Mashavu alijibu "aa" na "hee" na "kumbe," akawasindikiza mlangoni mmoja mmoja.

Mmoja tu alikuja tofauti. Mashavu alimkuta asubuhi kwenye benchi la Bibi Sikudhani, kijana mwenye suti iliyomzidi mikono, akitazama picha ya juu ya jiko kwa huzuni. Alijitambulisha kuwa ni Elifasi Mwakatundu, Naibu Waziri wa Vijito na Madimbwi, wizara iliyoundwa juzi kwa sababu ilibaki bendera moja ya gari. Bendera alipewa. Gari bado.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye uliyemchora huyu?"

"Marahaba. Ndiye mimi." Mashavu akajiandaa kusikia habari za mbavu.

"Nilitaka kuuliza," alisema Elifasi. "Baada ya kubweka, atakula wapi?"

Mashavu alikuwa amemchora mbwa yule mfupa kwa mfupa, na swali hilo halikuwahi kumjia. Bibi Sikudhani akamwongezea kijana kitumbua kimoja, kisha akamgeukia mteja mwingine akamfokea kwa sauti, ili huruma isionekane.

*

Mtukufu Baba Mlezi hakusoma magazeti. Alisomewa. Lakini katuni haisomeki kwa sauti, na Msomaji Mkuu wa Ikulu baada ya kujaribu kubweka kidogo alilazimika kuipeleka yenyewe juu ya sinia.

Mtukufu aliitazama, akatabasamu. "Hawa wanaokula nawafahamu. Chungu niliwapa mwenyewe." Kisha tabasamu likaondoka. "Lakini huyu wa mlangoni anabweka kumwambia nani?"

Akalisukuma sinia kando.

"Mbwa anayekula ana adabu, mdomo wake umejaa. Asiyekula ndiye wa kuogopwa. Nimemkosea nini mpaka akatae chakula changu? Nitafutieni huyo mtu, nikampumzishe."

Yafaa nieleze kwamba Kibwebwe ina huruma sana kwa watu wake waliochoka. Imewajengea Kisiwa cha Mapumziko, na huduma zake ni nzuri kiasi kwamba hajapata kurudi mtu.

Habari ilitoka Ikulu asubuhi, na kufika adhuhuri hapakuwa tena na mbwa mwembamba nchini. Simu ya Mashavu haikutulia.

"Dada Mashavu, yale niliyosema juzi nilikuwa na homa," alisema Makanyaga. "Mimi ni yule wa leso. Leso ninayo, ukitaka nitaileta."

"Mwenzangu," alisema Bi Rukia, "mbwa yule ni dume. Nilikosea kutazama."

Kisha wakaja askari wawili wenye adabu, wakamwambia Mashavu anaitwa. Alipita kwanza ofisini kumuaga mhariri wake, Bwana Chande. Bwana Chande alikuwa amesimama nyuma ya kabati.

"Nenda, mwanangu, usiogope," alisema. "Gazeti zima liko nyuma yako."

"Nyuma wapi, Bwana Chande?"

"Nyuma kabisa."

*

Ukumbi wa Ikulu ulikuwa umepambwa. Mawaziri wote walikaa kwa kufuata ukubwa wa viti, na mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni, alikaa Elifasi. Redio ya Taifa ilitega vipaza sauti vyake ili nchi nzima isikie jina la msaliti likitajwa moja kwa moja hewani.

Mashavu alisimama katikati ya zulia, mikono ameifunga ndani ya kanga.

"Mama," alisema Mtukufu kwa upole, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Kuchora ni kipaji. Tutajie tu yule mbwa wa mlangoni ni nani, uende nyumbani ukapike. Usipomtaja, nitaona kwamba nawe umechoka."

Makanyaga akakohoa, na kikohozi chake kikaelekea kule mwisho wa safu. Bi Rukia akajipepea, na upepo wake ukaenda huko huko. Taratibu, kama alizeti zinavyofuata jua, shingo zote zikageuka kumwelekea Elifasi. Alikuwa mwembamba, alikuwa mgeni, hakuwa na shemeji serikalini. Alikuwa amekaa akishika magoti yake, na mikono ya suti ilimfunika vidole.

Mashavu aliliona jina lile likiwa mezani limeshaandaliwa, limekatwakatwa, kazi yake ni kulipakua tu. Aliiona na nyumba yake, na kitanda chake, na meza yake ya kuchorea dirishani.

"Mtukufu," alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa kutokatika, "wanaokula niliwachora kwa kuwajua. Yule asiyekula sikumjua. Nilimtamani tu."

"Ulimtamani?"

"Nilitamani awepo."

Mtukufu akakunja uso. Jibu hilo halikuwa kwenye ratiba. Alitazama dari, akatazama mawaziri, akapata wazo, na wazo likampendeza kama yanavyompendeza mawazo yake yote.

"Vizuri. Tutamtafuta kwa kuchambua, kama mchele. Kila anayekula asimame aseme anakula nini. Atakayebaki bila kitu, ndiye."

Msomaji Mkuu wa Ikulu akamwinamia sikioni kumkumbusha kuhusu vipaza sauti. Mtukufu akampungia mkono. Alisema nchi haina siri na wananchi wake.

Makanyaga alisimama kabla sentensi haijatua. "Mtukufu, mimi nakula! Mahindi ya akiba, yote, yako nyuma ya nyumba yangu chini ya turubai la bluu. Mengine yamekwisha ota, na hata yaliyoota nayala!"

Makofi.

"Mimi," alisema Bi Rukia, akimsukuma kidogo akae, "nimekula lami ya barabara ya kaskazini na kokoto za barabara ya kusini. Wananchi wanadhani mashimo ni ya mvua. Ni yangu! Na saruji imejaa ghalani kwa mdogo wangu, kando ya msikiti, mlango mwekundu."

"Mlango mwekundu!" mtangazaji wa redio akarudia kwa furaha, maana alifundishwa kurudia mambo muhimu.

Akasimama wa Afya, akasema vitanda vya hospitali vimo katika nyumba yake ya wageni, na magodoro mazuri kayapeleka kwa mkwewe. Akasimama wa Elimu, akakiri madawati. Waliposikia wenzao wanapigiwa makofi, wengine wakaingiwa na wivu, wakaanza kuongeza. Wa Michezo alidai kula uwanja mzima pamoja na magoli. Ilibidi Spika awatulize wapokezane.

Mwisho zamu ikafika mlango wa jikoni. Elifasi alisimama. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye tai.

"Na wewe, kijana? Unakula nini?"

Elifasi alitafuta kichwani kwake kila kona kitu alichowahi kuiba, maskini, akakosa. Wizara yake haikuwa na hata ndoo.

"Daraja," alisema hatimaye. "Nimekula daraja, Mtukufu. La Mto Kidete."

Mawaziri wakatazamana. Mtukufu akasogea mbele. "Daraja gani? Mimi nimepita Kidete. Pale hapana daraja."

"Ndiyo, Mtukufu," alisema Elifasi kwa sauti ya kufa. "Nimelimaliza."

Ukumbi ulilipuka. Makanyaga alisimama kwa heshima, maana hata yeye hajapata kumaliza kitu. Mtukufu alifuta machozi ya fahari.

"Kumbe serikali yangu ni nzima!" alisema. "Wote wanakula. Basi mbwa yule hayupo, na picha ile ni uongo mtupu. Na uongo wa sanaa si kosa. Mama, nenda zako."

*

Mashavu na Elifasi walitoka kwa miguu, mmoja kwa kukosa gari na mwingine kwa kuliogopa la askari. Njia nzima Elifasi alijifuta uso.

"Nimesema uongo mbele ya taifa, mama."

"Mimi nimesema kweli mbele ya taifa, na magoti yananiuma vilevile."

Walipofika barabara kuu walisimama. Mji wote ulikuwa njiani. Hapakuwa na mawe wala moshi. Watu walitembea kwa utulivu na vikapu, ndoo, mikokoteni na matoroli, kama waendao sokoni siku ya shehena. Walitoka upande wa nyumba ya Makanyaga wamejitwisha magunia. Mlinzi wa mlango aliulizwa na mwandishi kwa nini hakuwazuia, akasema amesikia kwa masikio yake Waziri akiwaelekeza, tena redioni, na yeye ni mtu wa kufuata amri. Upande wa msikiti, mafundi walikuwa wanapokezana saruji mlango mwekundu na kuishusha moja kwa moja kwenye mashimo. Vitanda vya hospitali vilipita vikisukumwa kwa magurudumu yake, na juu ya kimojawapo alilala mgonjwa aliyeamua kukifuata mwenyewe.

Mtukufu aliyaona yote kutoka roshani ya Ikulu. Aliuliza ni sherehe gani. Hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa hiyo akawapungia mkono, na jioni redio ikatangaza kufana kwa Operesheni Chungu Wazi, iliyobuniwa na Mtukufu mwenyewe. Watu wa Kibwebwe si wachoyo. Sifa walimwachia, magunia wakabaki nayo.

Lakini mlangoni kwa Elifasi palikuwa na kundi jingine, na hilo halikuwa linacheka. Walikuwa watu wa ng'ambo ya Kidete, waliozoea kuvuka mto wamepandisha nguo kiunoni na mizigo kichwani. Mbele yao alisimama Bibi Sikudhani, ambaye nazi zake zote hutoka ng'ambo ile, na mbili katika kila kapu huondoka na maji.

"Kijana!" alisema. "Benchi langu umelikalia, kitumbua changu cha bure umekila, kumbe tumboni una daraja! Lipo wapi?"

Elifasi akafungua mdomo. Mashavu akamtangulia: "Bibi, usimuulize yeye. Ingia ndani ukatazame."

Bibi Sikudhani akaingia. Umati ukangoja. Walimsikia akifungua kabati, likalia tupu. Walimsikia akiinamia uvungu, akitoka na chafya ya vumbi. Kisha wakasikia mfuniko wa sufuria.

Alitoka ameishika sufuria mikono miwili, akaiinamisha ili wa mbele waone na wa nyuma waambiwe. Ilikuwa na mchicha. Haukuwa na nazi, haukuwa na nyanya. Akachovya kidole, akaonja.

"Hata chumvi hauna," alisema. "Huyu hajala kitu, jamani. Huyu ndiye!"

"Ndiye nani, bibi?" wakauliza wa nyuma.

"Yule wa juu ya jiko langu! Wa mlangoni!"

Kelele zilizotoka hapo zilifika ng'ambo ya mto. Vijana wa mikokoteni walimnyanyua Elifasi kabla hajakimbia, wakamweka mabegani, mikono ya suti ikipepea. Mtu akamtia muhindi wa kuchoma mkononi. Mwingine akapaza sauti kwamba saruji ya mlango mwekundu bado ipo, na mto uko pale pale, wanangoja nini? Mkokoteni wa kwanza ukageuzwa kuelekea Kidete, umati ukaufuata ukiimba.

Mashavu alitembea kando yao, huku anacheka na huku anapangusa macho. Juu ya mabega ya watu, Naibu Waziri wa Vijito na Madimbwi alikuwa ameshaanza kuutafuna ule muhindi, na kila baada ya kumeza aligeuka kuelekea Ikulu akapiga kelele kwa hofu:

"Mimi mwizi, jamani! Niteremsheni! Naapa mimi ni mwizi!"

Na kadiri alivyoapa, ndivyo watu walivyozidi kumpenda.